Kukiwa na Mtu Majini

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, nami sina subira ya kuingoja mpaka barua yako ifike. Mimi ni mzima. Lifti ya jengo letu imeharibika tena, kwa hiyo napanda ngazi na kupumzika kwenye mlango wa kila jirani. Sasa najua ugonjwa wa kila mtu humu ndani, wangu hawaujui. Mjukuu wangu ameota meno ya juu na anamng'ata yeyote anayemchekea. Nadhani amenirithi mimi.

Kaka yangu, yaani baba yako, ameniandikia. Barua ilikuwa fupi na karibu yote ilihusu goti lake. Mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akasema umetolewa ofisi ya mipango ya hifadhi na kupewa usimamizi wa michezo ya majini katika maziwa yote matatu. Niliisoma nimesimama jikoni na nikasahau maziwa kwenye jiko mpaka yakafurika.

Niambie, ile ghuba ya ziwa la kati bado ina mchanga? Hapo ndipo tulipokuwa tukiogelea kabla eneo lote halijafanywa hifadhi. Tulibeba vitanda, tukang'oa hata milango, tukashushwa nyuma ya kilima kwenye hayo makazi mapya, mahali ambapo maji yaliletwa kwa gari. Mimi nikaolewa nikaja huku mbali. Baba yako akabaki hapo. Yeye ndiye aliyekuwa muogeleaji kuliko sisi sote, hakukuambia?

Nakuona ukiingia majini kila asubuhi kabla ya kazi. Nakuonea wivu mpaka shingo inauma.

Usinipigie simu. Kwenye simu watu hukubaliana haraka haraka, wakishakata kila mmoja anabaki na lake. Niandikie.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri na anagombana vizuri. Mdogo wangu amepata chumba karibu na kazini kwake, anasema dirisha linatazama ukuta lakini ni ukuta msafi. Mvua zimeanza.

Ndiyo, mchanga upo. Nami nipo, na kazi ni kubwa kuliko nilivyofikiri nilipokuwa ofisini nikiichora kwenye karatasi. Ziwa kubwa lina upepo na kina, hilo tumeliachia boti za injini. Ziwa la kati ni la makasia na kuogelea. Ziwa dogo limefungwa kabisa kwa sababu ndege wanataga kwenye matete yake. Boti yoyote ikitoka ziwa moja kwenda jingine lazima ioshwe tumbo, isije ikabeba magugu. Wiki nzima nimeshika bomba, naosha matumbo ya boti kama mama mwenye watoto wasiotaka kuoga.

Lakini kuna jambo. Mkuu wetu wa hifadhi, ambaye sisi wafanyakazi humwita Bwana Itapendeza kwa sababu hawezi kutoa amri bila neno hilo ("Itapendeza ukae kimya", "Itapendeza usije kesho"), ameleta kampuni inayotaka ile ghuba. Wanataka kuweka mkahawa unaoelea: pantoni yenye injini, meza, muziki. Ghuba ile ndiyo sehemu pekee ambayo watu wa makazi waliachiwa walipohamishwa. Jumamosi na Jumapili wanapita langoni bila tiketi, wanaingia majini, wanarudi kwao. Pantoni ikifungwa pale, basi.

Kamati inayosimamia hifadhi itakaa Septemba kuamua, na inataka kwanza ushauri wangu. Nimeshauri kwamba pantoni ina nafasi tele kwenye ziwa kubwa, na pale haina. Kwenye kikao Mkuu akaniuliza, "Kwani wewe uko upande gani?" Nikasema, "Upande wa maji." Watu wakacheka. Mimi sikuwa nimetania.

Kuhusu kuogelea asubuhi, kazi ni nyingi sana siku hizi.

Mpwa wako


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Lifti imetengenezwa, na sasa wote tunaipanda kwa wasiwasi kuliko ngazi. Mwanangu mkubwa amebadilisha kazi na anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyefichwa. Mkewe anasema ni kawaida. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nilisahihisha chapa kwenye kiwanda cha vitabu mpaka nikazeeka, na macho yangu yalilipwa kwa kuona kilichoachwa, zaidi ya kilichoandikwa.

Kwanza, umefanya vizuri. Usimpe ghuba. Akikwambia itapendeza, mwambie haitapendeza.

Pili. Umeandika kurasa nzima juu ya maji, mwanangu, na hujalowa hata kidole. Unaosha boti, unagawa maziwa, unapigania ghuba. Nilipokuuliza juu ya kuogelea ulinijibu kama karani wa posta.

Wewe umerithi jina la mama yangu, ndiyo maana sikuulizi kwa ukali. Lakini nakuuliza. Unajua kuogelea?

Shangazi


28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Baba naye hajambo.

Sijui.

Ningejulia wapi? Nimekulia kwenye makazi ambako ndoo moja ilikuwa ya nyumba nzima. Ziwa lilikuwa ng'ambo ya kilima na kwetu halikutajwa. Hapana, Baba hakuniambia kwamba alikuwa muogeleaji. Nimelijua kwenye barua yako. Wengine wa rika lake walikuwa wakienda ghubani Jumamosi na kukaa mchangani, wakalowesha miguu, wakarudi. Yeye hakwenda hata mara moja. Mimi nilisoma ramani na mipango, nikapewa maziwa kwa sababu ndiye niliyeandika mpango wake wa usimamizi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kuelea.

Mpaka wiki mbili zilizopita. Boya moja kati ya yale yanayoweka mpaka wa ghuba lilikatika kamba. Tulikuwa kwenye boti ya doria, mimi, dereva, Mkuu na mtu wa ile kampuni. Mkuu akasema, "Msimamizi, itapendeza ukituletea." Nilikuwa nimevaa jaketi la kuokolea. Maji yalikuwa yametulia kama meza. Nikasimama tu. Nilisimama mpaka dereva akanionea huruma, akalivuta boya kwa upondo. Mkuu alitabasamu njia nzima.

Kesho yake akaiandikia kamati kwamba ghuba haina mwokoaji, maana msimamizi wake mwenyewe haogelei. Kanuni inasema msimamizi lazima aweze kuogelea kutoka kwenye gati mpaka kwenye maboya na kurudi, bila hivyo ghuba ifungwe. Sasa hahitaji ushauri wangu. Nimepewa mpaka mwisho wa Agosti nijaribiwe.

Nilimwomba Baba anifundishe. Akasema goti. Nikamwambia haina haja ya kuingia, asimame tu kwenye gati aniangalie. Akasema kwenye gati kuna upepo. Akatoka kwenda kumwagilia miche, na mvua ilikuwa inanyesha.

Usinicheke. Au nicheke kwanza, kisha unifundishe.

Mpwa wako


14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka. Nimemaliza. Kwetu wote wazima, habari nyingine zitasubiri.

Kabla ya somo, jambo moja. Yule bwana amekufanya uone haya kwa kutojua kitu ambacho kilichukuliwa kwenu kabla hujazaliwa. Walitutoa majini, wakatuweka pakavu, na leo anasimama kwenye boti anakuuliza mbona huruki. Haya hiyo si yako. Mrudishie mwenyewe.

Sasa somo. Usiingie peke yako hata siku moja. Tafuta mwenzako asimame karibu, na siku za mwanzo dereva wako awepo na boti. Ukiingia peke yako nitajua na nitakutukana kwa herufi kubwa.

Vua jaketi. Simama maji yakufike kifuani. Vuta pumzi, zamisha uso, na uipulize yote humo humo majini kwa puani na mdomoni, taratibu, kama unapoza chai ya mgonjwa. Inuka. Rudia mpaka uchoke. Watu wengi huzuia pumzi wakidhani ndiyo akiba yao, kumbe ndiyo inayowatia hofu.

Ukishazoea, lala chali, mwenzako akushike kisogo kwa kiganja. Masikio yaingie majini. Hapo ndipo utakapotaka kukurupuka, kwa sababu dunia itanyamaza na utasikia moyo wako unadunda. Usiuogope. Kifua juu, tumbo juu, kidevu kitazame mawingu. Mwenzako atatoa mkono bila kukuambia. Utamchukia kidogo, kisha utagundua unaelea.

Kisha geuka kifudifudi, sukuma mchanga kwa miguu, nyosha mikono, teleza. Tazama chini. Usitazame unakokwenda, kichwa kikiinuka miguu itashuka. Basi. Mengine usiyajaribu mpaka uniandikie.

Na ule ushauri wako kwa kamati usiufute hata nukta.

Shangazi


19 Juni

Shangazi,

Shikamoo, mwalimu. Baba hajambo, anakusalimia kwa kuguna. Mdogo wangu amechumbiwa! Mchumba mwenyewe ni fundi wa majokofu, mpole, na Baba amemwona mara moja akasema ana mikono mizuri. Ni sifa kubwa kutoka kwake.

Mwenzangu ni fundi cherehani wa pale makazini, yule mwenye kibanda karibu na zahanati. Nilimwomba anishonee vazi la kuogelea, akaniuliza la nini, nikamweleza yote. Akasema, "Mimi pia sijui kuogelea. Lakini kushona najua, tuzame tumependeza." Vazi la kwanza alilishona kwa kitambaa cha pazia. Nilipoingia likajaa hewa likasimama kunizunguka kama mwavuli, na dereva akazima injini ya doria kwa kicheko. La pili limekaa.

Mkuu amenikataza kujifunza saa za kazi, kwa hiyo tunaingia kabla ofisi haijafunguliwa. Tulianza wawili. Sasa wanakuja wanawake wengi wa makazi, na baadhi ya waume zao wanaokaa mchangani wakijifanya wamewasindikiza tu. Wafanyakazi wametupa jina: Chuo cha Kuzama. Fundi cherehani akawajibu, "Maombi ya kujiunga yafike mapema, nafasi ni chache."

Naelea, Shangazi! Siku ya kwanza kiganja kilipotoka nilimtukana mtu asiye na kosa. Kuteleza pia naweza. Shida ni hewa. Nikigeuka kuitafuta nainua kichwa, miguu inazama, nameza ziwa. Naweza kwenda kiasi cha urefu wa boti, kisha nasimama nakohoa. Maboya yako mbali. Nikiyatazama naona yanasogea nyuma.

Nifanyeje?

Mpwa wako


7 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa mdogo wako. Mwambie fundi wa majokofu ni mume mzuri, kitu kikiharibika hakuna kutupiana lawama. Huku joto limezidi. Nywele zangu zimekuwa ngumu na kavu siku hizi, sijui ni umri. Jumanne na Alhamisi asubuhi siwezi kuandika, nina shughuli.

Hewa. Nimelifikiria jambo hili kwa makini sana. Kichwa hakiinuliwi, kinaviringishwa. Mwili wote unalala ubavu kidogo kama mtu anayegeuka kitandani, sikio moja linabaki majini, na mdomo unatokea pembeni, kwenye kibonde kidogo ambacho kichwa chenyewe kinakifanya kikisonga. Humo ndani kuna hewa. Huamini mpaka uipate. Na uwe umeshapuliza yote kabla ya kugeuka, vinginevyo utajaribu kutoa na kuingiza kwa wakati mmoja, nawe si kiriba cha mhunzi.

Jizoeze ukiwa umeshika vigae vya ukingo, yaani mbao za gati. Mkono mmoja umeshika, mwingine umelala, unageuza kichwa tu. Utachoka shingo upande wa kushoto, juu ya bega. Itapita baada ya kama wiki. Miguu ipigwe kuanzia kwenye nyonga, magoti yasikunjwe sana. Nyonga ikiuma, punguza.

Mwanangu wa huku amesoma barua yako mezani bila ruhusa, akasema, "Mama, mwambie aache. Atapoteza kazi." Nikamwambia anisogezee chumvi. Kazi ya kusimamia ghuba iliyofungwa ni kazi ya nini? Endelea.

Shangazi


22 Agosti

Mwanangu,

Sijapata barua. Posta haina kosa, nimekwenda kuuliza mpaka wananijua kwa hatua. Nimemwandikia baba yako, akanijibu kwamba goti linaendelea na kwamba wewe "upo". Upo wapi? Upo vipi? Mtu mzima anaandika neno moja kama mkaguzi wa mizigo!

Kama umeshindwa mtihani, niandikie. Kama umeacha, niandikie pia, nitakukasirikia kwa siku chache kisha yataisha. Lakini niandikie.

Shangazi


26 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina mwandiko mbaya. Wote wazima. Harusi ni Desemba.

Mtihani haukuwapo. Mwanzoni mwa Agosti Mkuu aliniondoa kwenye maziwa akanipeleka langoni kukata tiketi. "Itapendeza upumzike na maji." Kwa kuwa si msimamizi tena, hakuna wa kujaribiwa, na kwa kuwa hakuna aliyejaribiwa, ghuba haina mwokoaji. Umeona fundo lilivyofungwa? Akaialika kamati ije Jumamosi moja ya Septemba, ipande pantoni pale pale ghubani, izungushwe, inywe chai, iamue.

Nilikaa kwenye kile kibanda cha lango siku kadhaa nikitazama magari tu. Kisha nikakumbuka mpango wa maziwa. Niliuandika mimi na Mkuu akautia sahihi bila kuusoma, maana ulikuwa mrefu na yeye alikuwa na safari. Kuna mstari humo niliouweka kwa ajili ya usalama, bila kufikiria vita yoyote: ndani ya maboya, injini haitawashwa kukiwa na mtu majini.

Mpaka kamati iamue, ghuba ni ya watu Jumamosi na Jumapili. Na watu hao wote hupita kwangu, langoni. Jumamosi ile kila aliyefika kutoka makazini nilimpisha, nikamwambia, "Karibu hifadhini. Usitoke majini."

Mengine amenisimulia fundi cherehani. Pantoni ilikuwa imefungwa kwenye gati tangu jana yake, ina vitambaa mezani. Kamati ikapanda. Nahodha akatazama mbele, akamwona fundi mwenyewe amelala chali katikati ya njia.

"Mama, tupishe kidogo."

"Pita tu, baba."

"Hii ina injini."

"Basi ningoje nimalize."

"Unamaliza saa ngapi?"

"Ndiyo kwanza nimeingia."

Mkuu akasogea ukingoni. "Itapendeza mkitoka jamani!" Sauti ikamjibu kutoka majini, "Huku kunapendeza zaidi, njoo!" Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mkavu mwenye miwani, akauliza kama kweli kuna kanuni ya namna hiyo. Katibu akafungua mpango akaisoma kwa sauti. Mwenyekiti akauliza nani ameitia sahihi. Hapo, anasema fundi, ungesikia samaki akipiga chafya.

Waliingia kwa zamu, wawili wawili. Waliotoka walifungwa mataulo wakasuguliwa mgongo. Kamati ikanywa chai yake pantoni ikiwa imefungwa kamba. Mchana nilitoka kazini, nikavua sare nyuma ya kibanda cha kuoshea boti, nikaingia. Shangazi, nilifika kwenye maboya. Nikaligusa lile lililokuwa limekatika, nikarudi. Hakuna aliyenipima. Sikio moja majini, hewa iko pale pale uliposema. Sikumeza hata tone. Nakudanganya, nilimeza kidogo.

Kisha manyunyu yakaja na upepo. Maji yetu unayajua yakipoa. Mmoja mmoja wakatoka wakitetemeka, fundi naye midomo imebadilika rangi, nikamwamuru atoke. Nikabaki peke yangu. Miguu sikuisikia tena. Nahodha alikuwa ameshaweka mkono kwenye swichi ananiangalia, si kwa ubaya, ananingoja tu. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake ametulia kabisa. Alijua hesabu yake.

Baba alikuwa kwenye gati. Alikuja asubuhi na fimbo yake, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa siku nzima. Sasa akainuka. Akampa fundi cherehani fimbo. "Nishikie." Akashuka ngazi za gati na suruali yake na shati lake, akajisukuma. Sijawahi kuona kitu kama kile. Aliogelea kwa ubavu, hakurusha hata tone, kama anayepita chumbani watoto wamelala. Akafika kwangu.

"Toka ukaote moto," akasema. "Na kichwa bado unakiinua sana."

Nikatoka. Yeye akabaki anakwenda na kurudi kwenye ule mstari wa maboya, mpaka kamati ikashuka kwenye pantoni kwa miguu na kupanda magari yao. Mwenyekiti alisimama mbele yangu nikiwa nimefungwa taulo. Akaniuliza, "Wewe ndiye msimamizi asiyejua kuogelea?" Nikasema, "Nilikuwa."

Uamuzi umesogezwa mpaka kikao cha Januari. Mpaka hapo pantoni haiondolewi gatini, na kanuni ya injini inabaki ilivyo. Mimi bado nakata tiketi. Mkuu amesema atakuwa anajaribu kuwasha kila Jumamosi na kila Jumapili, siku ambazo wageni wa kulipa huja, maana lazima siku moja tutachoka. Kwa hiyo tumepangiana zamu. Baba amechukua Jumapili asubuhi na hataki mazungumzo. Nilimuuliza habari za goti. Akasema, "Goti gani?"

Zamu ngumu ni Jumamosi jioni, upepo ukianza. Watu wengi wana familia za kupikia. Hapo ndipo anapotungojea.

Halafu, Shangazi, mbao za gati letu hazina vigae. Na barua yako ya Julai inanuka dawa ya bwawa.

Mpwa wako


12 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima, lifti imekufa tena, mjukuu anatembea.

Barua yako nimeisoma kwa kila jirani kwenye kila ghorofa. Pale kaka yangu anapotoa fimbo nimeshindwa kuendelea kila mara, yule wa chini akanisomea yeye.

Ndiyo, bwawa. La manispaa, mtaa wa pili. Ningekufundishaje kitu nilichokifanya mara ya mwisho nikiwa msichana? Nilisahau hewa inapatikana upande gani, ikabidi niingie nikaitafute. Daktari alikuwa ameniambia maji ni mazuri kwa nyonga, hakuniuliza nayafanyia nini. Siku ya kwanza mlinzi wa bwawa alinifuata ukingoni hatua kwa hatua ameshika upondo wake wa kuokolea. Sasa ananiita Bibi Papa na kuwafukuza vijana kwenye mstari wangu. Maji yake yanawasha macho, yananuka, chini ni vigae vyeupe vitupu. Nimeyaogelea miezi yote hii nikiyachukia.

Mwenye haki ya kusema tutachoka si yeye. Tumeng'oa milango kwa mikono yetu, tumekaa ng'ambo ya kilima maisha mazima na bado tunajua njia ya kurudi. Anafikiri upepo wa Jumamosi jioni utatutoa?

Mwanangu wa huku amenikuta nakunja nguo. "Mama, kwa umri wako, unakwenda kufanya nini huko?" Nimemwambia nakwenda kuogelea. Akasema siwezi kusafiri mbali hivyo kwa jambo kama hilo. Nimempa sanduku alishushe, maana lifti ndiyo hiyo.

Nitafika wiki ya kwanza ya Novemba. Usije kunipokea, usiombe ruhusa, usimpe mtu yule sababu. Mwambie kaka yangu asinililie, nitamcheka mbele ya watu. Mwambie fundi cherehani anishonee vazi, lisiwe la pazia. Na kwenye ile orodha ya zamu, Jumamosi jioni kuanzia sasa mwandike Shangazi, kila wiki, mpaka Januari na baada ya Januari.

Nitapita langoni kwako kama mtu mwingine yeyote wa makazi. Usinikumbatie ukiwa na sare. Niambie tu kile unachowaambia wenzangu, nami nitaendelea moja kwa moja mpaka majini.

Shangazi yako